Watu wa Anga Walioshushwa Mahandakini: Divisheni ya 16 ya Luftwaffe

Ukitaja Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani ya Hitler, wengi hufikiria marubani na ndege za kivita. Ni wachache wanaojua kwamba kuanzia mwaka 1942 jeshi hilo liliunda divisheni zaidi ya 20 za askari wa miguu, na kwamba maelfu ya watu wake walikufa mahandakini, bunduki mkononi.

Mambo yalianzia kwenye baridi kali ya 1941–42, Wajerumani waliporudishwa nyuma mbele ya Moscow. Jeshi la nchi kavu lilikuwa limepoteza watu wengi mno, huku Luftwaffe ikiwa na watu wa ziada: mafundi, makarani, madereva, walinzi wa viwanja vya ndege. Jambo la busara lilikuwa kuwagawa katika vikosi vilivyokwisha kuizoea vita, wajifunze kwa masajini waliowahi kupigwa risasi. Hermann Göring, mkuu wa Luftwaffe, akakataa. Vijana aliowaona kuwa wamelelewa katika Unazi hakutaka wawe chini ya majenerali wenye fikra za enzi za Kaisari, mfalme wa zamani wa Ujerumani. Hitler akamkubalia, na Göring akabaki na watu wake.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Watu hawa hawakuponzwa na uoga. Waliponzwa na mkubwa aliyeng'ang'ania himaya yake. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na hawa walipewa ubawa usiokuwa wao: maofisa wasiojua vita vya ardhini, mafunzo ya haraka, askari wa miguu wachache kuliko divisheni ya kawaida. Divisheni ya 7 na ya 8 zilitupwa kando ya mto Chir, huko Urusi, wakati jeshi la Wajerumani limezingirwa Stalingrad, zikasagwa. Oktoba 1943, karibu na Nevel, Warusi waliipasua Divisheni ya 2. Mwezi uliofuata, tarehe 1 Novemba, divisheni hizi zikakabidhiwa jeshi la nchi kavu. Ndiyo maana katika hati za baada ya hapo utaona herufi L, yaani Luftwaffe, kwenye mabano baada ya jina la divisheni.

Divisheni ya 16 ilikuwa na nafuu kwa muda mrefu. Mwaka 1943 ilipelekwa kulinda pwani ya Uholanzi, nchi iliyokuwa imekaliwa kwa mabavu, na huko haikuonja vita kubwa. Kisha Juni 1944 majeshi ya Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao, yakatua Normandy, pwani ya Ufaransa. Mwanzoni mwa Julai ikaletwa kaskazini mwa mji wa Caen kushika nafasi ya Divisheni ya 21 ya vifaru. Pahala palipokuwa pakishikiliwa na vifaru sasa pakaachiwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kupigana.

Jioni ya tarehe 7 Julai ndege za Uingereza zaidi ya 450 zilimwaga zaidi ya tani 2,000 za mabomu kwenye ukingo wa kaskazini wa mji. Walioumia zaidi ni raia wa Caen, kwani mabomu mengi yaliangukia nyuma ya mahandaki. Alfajiri Waingereza na Wakanada wakashambulia. Divisheni ya 16 ikapoteza karibu robo tatu ya askari wake wa miguu, na tarehe 9 Julai upande wa mji ulio kaskazini mwa mto Orne ukatekwa.

Mabaki yake yalikuwa bado mstari wa mbele, mashariki ya mto, tarehe 18 Julai, siku ambayo Waingereza walitanguliza mabomu mengi zaidi kisha wakaleta mamia ya vifaru. Mwezi Agosti divisheni ikavunjwa rasmi. Walionusurika wakagawiwa vikosi vya jeshi la nchi kavu, kule kule ambako Göring alikataa wasiende miaka miwili kabla.