Saa ya mwili: kwa nini kijana hapati usingizi mapema shule zinapofunguliwa

Saa ya mwili ni mfumo wa ndani unaopanga mtu asinzie lini, azinduke lini, njaa imshike lini, na joto la mwili lipande au lishuke lini. Kitovu chake ni kifungu kidogo cha chembe za neva ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana. Kwa hiyo kinachoirekebisha zaidi kila siku ni mwanga unaoingia machoni.

Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alifungia gizani mmea wa aina ya kifauwongo, akakuta majani bado yanafunguka mchana na kujikunja usiku, ingawa jua haulioni. Kumbe mmea ulikuwa na hesabu yake wenyewe. Sisi nasi tunayo, ila yetu haiendi sawasawa na siku: kwa wastani mzunguko wake unazidi saa 24 kwa dakika kadhaa. Bila mwanga wa asubuhi kuirudisha, huteleza kuelekea kuchelewa. Ndiyo maana kuzoea kukesha ni rahisi kuliko kuzoea kulala mapema.

Kwa kijana aliyebalehe mteremko huo ni mkali zaidi. Melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kupanda kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mtoto, pengine hadi saa 2 nzima. Uzito wa usingizi nao hujikusanya polepole, kwa hiyo mwenye miaka 15 anaweza kushinda macho makavu saa ambayo mdogo wake ameshakoroma. Mzazi anayemwita mkaidi kwa sababu hana usingizi saa 3 usiku anamwonea. Anayemwachia simu mpaka saa 8 usiku naye hamsaidii.

Mahitaji yake hayajapungua, hata hivyo. Madaktari wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa walio na umri wa miaka 13 hadi 18.

Sasa chukua likizo ya Desemba, iwe Kenya au Tanzania. Kijana analala saa 8 usiku, anaamka saa 5 asubuhi. Januari inafika na anatakiwa awe macho saa 11 alfajiri. Tofauti ni saa 6, sawa na mtu aliyesafiri kwa ndege kuvuka robo ya dunia, ila yeye hajatoka kitandani. Wazazi wengi hungoja usiku wa mwisho kabla ya shule, wamwamuru alale saa 3. Hapo ndipo panapoharibika. Saa mbili tatu kabla ya muda wake wa kawaida wa kulala ndizo mwili unapokuwa macho zaidi, basi atagaagaa tu, achukue simu, na usiku upite.

Dawa ni kuanzia upande wa pili: asubuhi. Muda wa kuamka unaweza kuuamuru, usingizi hauamrishwi. Siku kumi hadi kumi na nne kabla ya shule, mwamshe nusu saa mapema kuliko jana, na akishaamka atoke nje. Kufungua pazia hakutoshi, kwa sababu mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, unaushinda mbali wa taa za ndani. Afagie uwanja, apeleke mbuzi, atumwe dukani, vyovyote. Kwetu karibu na ikweta tuna bahati hapa: Nairobi jua huchomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:45 asubuhi mwaka mzima, wakati mwanafunzi wa kaskazini mwa Ulaya hufika shule Januari kukiwa bado giza. Kadiri asubuhi inavyosogea, usingizi wa usiku utafuata wenyewe, kwa kuchelewa siku mbili tatu.

Kwa nini usimwamshe saa 11 alfajiri tangu siku ya kwanza? Kwa sababu mwanga huisukuma saa kuelekea pande mbili. Ukija baada ya kilele cha usiku wa mwili, yaani saa mbili tatu kabla ya muda wa kawaida wa kuamka, huirudisha nyuma mtu asinzie mapema. Ukija kabla ya hapo, humchelewesha zaidi. Kwa anayeamka saa 5 asubuhi, kilele hicho kinaweza kuwa saa 2 au saa 3 asubuhi, jua limeshapanda. Mwili wake, saa 12 asubuhi, bado ni usiku wa manane.

Jioni ni kinyume: taa zipunguzwe, simu ilale sebuleni. Chai ya rangi, kahawa, kola na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe mchana, maana nusu ya kafeini huwa bado mwilini saa 5 hivi baadaye. Akisinzia mchana, alale dakika ishirini, kabla ya saa 9 alasiri. Jumamosi asichelewe kuamka kwa zaidi ya saa moja nzima, la sivyo Jumatatu mnaanza upya.

Kuna lisilo mikononi mwa kijana wala mzazi. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za 2015 zinaweka masomo kati ya saa 2 asubuhi na saa 9:30 alasiri, na kwa shule za bweni muda wa kulala ni saa 3:30 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 8 na nusu, zinatosha. Lakini zipo bweni ambako kengele hulia saa 10 au 11 alfajiri kwa ajili ya kujisomea. Huko hata saa ya mwili iliyorekebishwa vizuri haizai saa zisizokuwepo kwenye ratiba, na swali hilo ni la kupelekwa kwenye mkutano wa wazazi.