Zaireeka: CD nne, albamu moja, na uvumi mwingi

Mwaka 1997 The Flaming Lips, bendi ya Oklahoma City nchini Marekani, walitoa Zaireeka: CD nne za kupigwa kwa wakati mmoja, kila moja kwenye mashine yake. Wanaoizungumzia ni wengi kuliko walioisikiliza, na hapo ndipo uvumi unapozaliwa.

Wengine huiita albamu nne. Nyimbo ni nane tu, kila moja imegawanywa katika CD zote. Piga moja peke yake utaambulia vipande.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba CD zisipokwenda sawia, kazi imeharibika. Ni kweli kuna sauti inayotaja namba ya wimbo na ya CD, ili wenye mashine waende pamoja. Lakini mashine mbili hazina kasi ileile kabisa, wala vidole vya watu wanne havibonyezi kwa nukta moja. Wayne Coyne, mwimbaji na kiongozi wa bendi, na wenzake walilijua hilo na wakalitegemea: ngoma inapishana na ngoma, sauti inamfuata mwimbaji kama mwangwi, na usikilizaji wa leo haufanani na wa kesho. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema faili moja iliyochanganywa kwenye kompyuta inatosha. Nyimbo utazipata, sawa, ila umegandisha usikilizaji mmoja kati ya mingi, na spika mbili zilizo mbele yako haziwezi kukuzunguka.

Je, ilikuwa kiki ya kampuni? Kampuni gani ingebuni bidhaa inayomlazimu mnunuzi kuazima mashine tatu? Wazo lilitokana na majaribio ya Coyne kwenye maegesho: aliwagawia wenye magari kaseti tofauti, wakazipiga kwa pamoja kwenye redio za magari yao.

Kuna pia alama ya 0.0 kutoka Pitchfork, jarida la mtandaoni la uhakiki wa muziki, ambayo hutajwa kama ushahidi kuwa muziki ni mbovu. Mhakiki alichokilalamikia hasa ni hilo sharti la mashine nne.

Onyo lililoandikwa kwenye albamu, la kutoisikiliza ukiwa unaendesha gari, nalo si mzaha. Wimbo wa sita una sauti nyembamba na nzito kupita kiasi, zinazoweza kumvuruga msikilizaji.

Na wanaodai iliizamisha bendi? Kazi ya studio ya kipindi hichohicho ilizaa pia The Soft Bulletin, iliyotoka 1999 na kusifiwa na wahakiki wengi.