Kabla ya penseli, kombolela

Kila Januari inapokaribia, wazazi wanaotarajia kupeleka watoto chekechea huniuliza: nimfundishe nini nyumbani asije akaachwa nyuma? Wengi wameshanunua madaftari na chati ya herufi. Mimi huwaambia wamwache acheze, na wakipata nafasi wacheze naye.

Mtoto anayetaabika wiki za kwanza mara chache huwa ni yule asiyejua a, e, i, o, u. Herufi tutamfundisha, ndiyo kazi yetu walimu. Anayetaabika ni yule asiyeweza kungoja zamu, anayesahau agizo kabla hajafika nusu ya njia, anayempiga mwenzake kwa sababu hajui kusema "naomba na mimi". Hayo hujifunzwa uwanjani.

Chukua kombolela, ule mchezo wa kujificha na kutafutana. Mtoto aliyejibanza nyuma ya pipa anatamani kucheka, anatamani kuchungulia, lakini anajizuia maana akionekana ameumbuka. Huko kujizuia ndiko atakakokuhitaji mwalimu akisema "sikilizeni kwanza". Mwaka 1948 mtafiti wa Kisovieti, Manuilenko, alionyesha jambo hili kwa majaribio: watoto wadogo walioambiwa tu wasimame bila kutikisika walichoka upesi, lakini wakicheza mchezo ambao wao ni walinzi wa zamu, walisimama muda mrefu zaidi. Mwanasaikolojia wa Kisovieti, Lev Vygotsky, alikuwa ameshalifundisha mwaka 1933: mtoto akiwa mchezoni huyafanya yaliyo juu ya umri wake. Sheria ya mchezo huitii kwa hiari, kwa sababu bila sheria mchezo hakuna.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote ni ule wa baba na mama. Wazazi huuona wa kipuuzi. Hebu wasikilize: "Wewe uwe mama, huyu mgonjwa, mimi daktari. Hapana, daktari hakai hapo!" Wanapanga, wanabishana, wanapatana, na msamiati unatoka ambao hujawahi kuwasikia wakiutumia. Kisha jani la mwembe linakuwa noti ya elfu kumi, mchanga unakuwa pilau. Mtoto anayekubali kwamba jani ni pesa ameshaanza kuelewa kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine. Herufi nayo ni alama tu iliyosimama badala ya sauti, na tarakimu badala ya idadi.

Kwa hesabu, kuna utafiti wa wanasaikolojia wawili, Geetha Ramani na Robert Siegler, wa mwaka 2008, Marekani. Watoto wa familia za kipato cha chini walicheza mchezo wa kusogeza kete kwenye visanduku vyenye namba 1 hadi 10, mara nne tu, dakika 15 hadi 20 kila mara. Uelewa wao wa namba ulipanda, na wiki tisa baadaye walikuwa bado wanao. Waliocheza kwenye visanduku vya rangi tupu hawakupata faida hiyo. Huu hauhitaji duka: chora visanduku ardhini kwa kijiti, tumieni kokoto. Ila aliye kwenye 3 akisogea hatua mbili aseme "nne, tano", asiseme "moja, mbili". Hapo ndipo penye faida. Akikua kidogo, mdako, ule wa kurusha na kudaka kokoto, utamwongezea wepesi wa jicho na mkono.

Na vidole? Mpe udongo afinyange, mpe maharage achambue nawe jikoni. Mifupa ya kifundo cha mkono wa mtoto wa miaka minne bado haijakomaa, na kumjazisha kurasa za "a" humchosha na kumchukiza penseli mapema. Inaniuma kuona hivyo.

Jambo moja nawasihi: mchezo usigeuzwe mtihani. Mtoto anapika, wewe unauliza "hii rangi gani? ziko ngapi?" mpaka anaacha. Kaa, omba chai, inywe. Na siku ya kumwandikisha shule, kabla ya kuuliza kama wanafundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), uliza watoto hucheza nje muda gani kwa siku, na mwalimu yupi huwa nao.