"Nimechoka na Dunia" Si Maneno ya Uzee

Kuna kauli moja nikiisikia kliniki naweka kalamu chini: "Ni uzee tu, daktari." Mimi si daktari, ni muuguzi wa afya ya akili, ila hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba kauli hiyo huja mara tu baada ya mzee mwenyewe kusema, mbele ya mwanawe na mbele yangu, kuwa anatamani alale asiamke. Mtoto anacheka kidogo, ananitazama kama anayemwombea baba yake radhi, kisha anaendelea kunieleza habari za presha. Nimechoka kulijibu hili mmoja mmoja, basi naliandika.

"Wazee ndivyo wanavyoongea"

Hapana. Duniani watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Habari tunazosoma huwa za vijana, lakini ukilinganisha na idadi ya watu wa kila umri, katika nchi nyingi waliovuka miaka 70 ndio walio juu. Tena mzee akijaribu, kupona kwake ni kwa nadra kuliko kijana. Mwili hauna akiba, huenda anaishi peke yake, hospitali iko mbali, na jambo lenyewe amelifikiria muda mrefu bila kumwambia mtu. Kwa hiyo nafasi ya kumwokoa iko kabla, katika maneno hayo hayo yanayochekwa.

Mzee kuzungumzia kifo si ugonjwa. Bibi anayekuonyesha sanda aliyoihifadhi sandukuni, akakuambia shamba la bondeni ni la shangazi yako, halafu akauliza kama mbegu za msimu ujao mmeshanunua, huyo hana tatizo. Amekubali kwamba iko siku ataondoka, lakini leo bado yupo. Uwanja wake anaufagia, mjukuu akianguka anainuka kumtazama, taarifa ya habari ya saa mbili haimpiti.

Anayenitia hofu ni yule ambaye mazungumzo yake yamehamia kwenu, jinsi mtakavyokuwa bila yeye. "Nikifa mtapumzika." "Nawalia hela za ada za watoto." "Wenzangu wote wameshaenda, mimi Mungu amenisahau." Hapo kuna mtu anayejiona mzigo, na kujiona mzigo ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko machozi.

Machozi kwa kweli huwa machache. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, ikija uzeeni hujitokeza mwilini: kiuno, tumbo lisilotulia, kizunguzungu, kichwa kuwaka moto, usingizi unaokatika saa tisa usiku na usirudi. Anapelekwa zahanati. Malaria hana, sukari iko sawa, anarudi na panadol na vidonge vya vitamini. Mwezi ujao tena. Tafiti za Ulaya na Marekani zimeonyesha kwamba wazee wengi waliojiua walikuwa wamemwona mhudumu wa afya ndani ya mwezi mmoja kabla ya kifo. Walikwenda, wakakaa kwenye benchi, wakaandikiwa dawa ya mgongo.

Na ukijiuliza mtu aliyelea watoto saba anajionaje mzigo, ingia chumbani kwake. Niliwahi kuletewa mzee aliyekuwa ameacha kunywa maji mpaka midomo ikapasuka. Nyumbani walisema amekuwa mkaidi. Kumbe mkojo ulikuwa unamshinda kuubana, na anayefua mashuka yake ni mkamwana wake. Kwa mila za kwao mke wa mwana hata kitandani kwa baba mkwe hakai. Kila asubuhi yule mama alipoingia na beseni, mzee aligeukia ukutani. Haya aliniambia baada ya mwanawe kutoka nje. Tulianza kwa kumtafutia mjukuu wa kiume wa kumhudumia na kumpeleka kwa daktari aangaliwe tezi dume, huku sonona ikitibiwa sambamba. Ningempa vidonge vya sonona peke yake, angerudi ukutani.

Ndiyo maana kabla sijaanza ushauri nasaha huuliza mambo ambayo wenzangu wanayaita "M tano" zangu, kwa kunitania: macho, masikio, meno, mkojo, maumivu. Mzee mwenye mtoto wa jicho ambaye hawezi kwenda chooni bila kushikwa mkono na kitoto cha miaka sita, au asiyesikia mpaka watu wameacha kumwongelesha mezani, ana sababu za kukata tamaa ambazo nyingine zinatibika kwa upasuaji mdogo au kwa kuzibuliwa nta masikioni. Msinilete niongee na mtu ambaye hajasikia neno langu hata moja.

Muangalie pia mabadiliko. Aliyekuwa hakosi msikitini au kwenye jumuiya sasa hatoki. Vidonge vya presha ameviacha kimyakimya. Anakataa chakula, nanyi mnasema "hana hamu tu". Anawaomba msamaha watu kwa zamu, au ghafla amekuwa mtulivu mno baada ya wiki nyingi za kuhangaika, nyumba nzima mkashukuru kuwa nafuu imekuja. Wakati mwingine ni nafuu kweli. Wakati mwingine ameshaamua. Utajua kwa kumuuliza.

"Ukimuuliza utamtia wazo"

Hofu hii naielewa, lakini haina msingi. Jambo hili limefanyiwa tafiti nyingi, na kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumwongezei fikra hizo. Wengi hupumua, kwa kuwa hatimaye kuna anayeweza kulisikia. Kinachotushinda sisi ni adabu. Mtu aliyefunzwa kumwamkia baba yake huku ameinamisha kichwa, leo amuulize kama anataka kujiua?

Basi tumieni njia tuliyo nayo. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Bibi anamwita mjukuu "mume wangu", na mjukuu anaweza kumwambia maneno ambayo mwanawe wa kumzaa hathubutu. Mara nyingi nikitaka taarifa za kweli za mzee namtafuta mjukuu mkubwa, mtu mzima. Mtoto wa shule msimbebeshe hili. Asipokuwepo mjukuu, kuna rika lake, rafiki wa bao, mama wa kikoba, shemasi, mtu yeyote ambaye mzee hana haja ya kujikaza mbele yake.

Maswali yaende kwa ngazi. Usingizi ukoje, bibi? Mchana unachoka sana? Kuna siku unatamani usiamke? Umewahi kufikiria kujiua? Akisema ndiyo, usirudi nyuma: umefikiria utafanyaje, na kitu hicho unacho karibu? Akiwa na mpango, haachwi peke yake hata dakika moja, na hospitali ni siku hiyo hiyo, si mpaka kliniki ya Alhamisi. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu.

Na tafadhali, akishasema, usimrukie na "Astaghfirullah, usiseme hivyo" au "Yesu anakupenda, acha hayo". Najua mnasema kwa mapenzi. Ila mzee anasikia kwamba amekosea kusema, na hatasema tena.

"Hakosi kitu, kila mwezi tunamtumia"

Hii naisikia kwa walioko Dar, Muscat na Minnesota, na huwa inakuja pamoja na ushahidi wa miamala kwenye simu. Hela ni jambo jema, dawa hazinunuliwi kwa salamu. Lakini muamala ukiingia, sauti yako haikuingia nao. Pengine hata ujumbe wenyewe kasomewa na jirani kwa sababu herufi hazioni.

Kaskazini mwa Italia, katika mkoa wa Veneto, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wazee walipewa kifaa cha kuomba msaada pale wanapozidiwa, na juu ya hapo wakawa wanapigiwa simu, kwa wastani mara mbili kwa wiki, na mtu aliyefunzwa kuzungumza nao. Wazee zaidi ya 18,000 walihudumiwa. Baada ya zaidi ya miaka kumi, waliojiua miongoni mwao walikuwa wachache sana kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umri huo katika mkoa huo. Simu tu, mara mbili kwa wiki! Wekeni zamu kwenye kundi la familia la WhatsApp, kama mnavyoweka zamu za michango ya harusi.

Kasoro ni moja: nafuu ile ilionekana zaidi kwa wanawake. Wanaume simu haikuwafikia vilevile, na mimi sishangai. Mzee wa kiume ukimpigia atakuambia "tuko salama" na kuuliza kama mvua imenyesha huko. Kwa yeye lazima uende, ukae naye, umpe jambo la kuamua. Muulize kuhusu mpaka wa shamba, mpe mahari ya kujadili, mrudishe barazani kwenye kahawa.

Wa kuangaliwa kuliko wote ni mgane. Mke ndiye aliyekuwa akimkumbusha dawa, kumpikia na kumpelekea habari zake kwa watoto. Mjane wa Kiislamu ana eda, miezi minne na siku kumi, na wanawake wenzake huingia na kutoka. Mwanaume baada ya arobaini, turubai zikishakunjwa, anaulizwa lini ataoa. Mwaka wa kwanza baada ya mke kufariki asiishi peke yake, kama kuna namna yoyote. Huo ni msimamo wangu na sibadiliki.

"Mtu wa ibada hawezi kufanya hivyo"

Imani inawakinga wengi, kweli. Haimkingi kila mtu. Nimewatibu maimamu na wazee wa kanisa, na kwa baadhi yao ugonjwa ulikuwa mzito zaidi kwa sababu waliongezea juu yake aibu ya kuwa na fikra hizo. Maombi na matibabu viende pamoja, kimoja hakimfukuzi mwenzake.

"Anatafuta huruma"

Mpeni.

"Aliyeamua hazuiliki"

Anazuilika. Hata aliye katika hali mbaya kabisa, nusu yake inataka kuishi, na saa ya hatari kubwa huwa na mwisho. Ukimvusha hapo, wengi hawarudi kwenye jaribio jingine. Ndiyo maana kinachokuwa karibu na mkono wake ni muhimu. Korea Kusini ilipopiga marufuku kiuagugu kimoja kikali mwaka 2012, vifo vya kujiua kwa viuatilifu vilishuka, wala watu hawakuhamia wote kwenye njia nyingine. Hapa kwetu dawa za pamba na mahindi zinalala chini ya kitanda cha mzee kwa sababu chumba chake ndicho chenye kufuli. Zihamisheni leo. Vidonge navyo mpimieni vya wiki moja, vingine vikae kwa mtu mwenye ufunguo.

"Dawa za sonona zitamfanya teja"

Mnachanganya na diazepamu, ambayo mnamnunulia wenyewe duka la dawa ili alale. Hiyo ndiyo inayoleta uraibu, na inamwangusha usiku akivunja nyonga. Fluoxetini na ndugu zake, ambazo ndizo dawa za sonona, hazilevyi. Shida yake ni uvumilivu: huanza kufanya kazi baada ya wiki mbili hadi nne, na kwa mzee, ambaye tunaanza na dozi ndogo, nafuu kamili inaweza kuchukua wiki nane au zaidi. Ninyi mnaziacha wiki ya pili mkisema "hazikumsaidia". Wiki hizo za mwanzo ndizo za kukaa naye karibu zaidi. Akianza kuchanganyikiwa au kulegea kusiko kwa kawaida, mleteni apimwe madini ya chumvi kwenye damu, kwa sababu kwa wazee dawa hizi zinaweza kuyashusha. Na zisikatwe ghafla.

"Tukimpeleka hospitali, polisi watamkamata"

Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakwenda kinyume cha Katiba. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kingali kinaliita kosa, na kwa maoni yangu kingefutwa jana, kwa kuwa kinachofanya ni kuwafundisha ndugu kusema "ameanguka". Lakini msimfiche mgonjwa ndani kwa kuogopa kifungu. Aliyejidhuru ni dharura kama aliyepata kiharusi, aende kituo cha karibu kwanza. Mkihitaji kuelekezwa, Tanzania namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure, na Kenya ipo 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Mkimleta, njooni na vidonge vyote alivyonavyo nyumbani kwenye mfuko mmoja, pamoja na vile alivyoacha kumeza na vya mitishamba. Aje na miwani yake. Na nikiwaomba mtoke nje kwa robo saa, tokeni wote, hata yule kaka mkubwa aliyelipa nauli.