Tilo Frey: mwalimu wa Neuchâtel aliyeingia bungeni Uswisi mwaka 1971

Miaka miwili nzima nilikuwa najaza fomu, za chuo, za bima, za kibali cha kuishi, na kila nikifika kwenye anwani ya kitivo naandika Espace Louis-Agassiz 1, Neuchâtel, wala sijawahi kujiuliza huyu Agassiz ni nani. Nikadhani meya fulani wa zamani. Na hapo nilikuwa nasomea mabunge ya Ulaya, ndo kazi yangu mpaka leo, kwa hiyo cheka tu.

Aibu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Kwenye rasimu ya tasnifu niliandika kwamba mtu mweusi wa kwanza kuingia bunge la Uswisi ni Ricardo Lumengo, mzaliwa wa Angola, aliyechaguliwa 2007. Sikulitunga, magazeti kibao yaliandika hivyo hivyo mwaka ule. Msimamizi wangu akapiga mstari mwekundu na pembeni akaandika maneno mawili tu, Tilo Frey, na mwaka 1971. Basi, nikaenda kutafuta, na nilichokuta ni kwamba huyo mama alikuwa diwani wa mji uleule niliokuwa nanunulia mkate kila asubuhi.

Tilo Frey kazaliwa Oktoba 1923 Maroua, kule kaskazini kabisa mwa Kameruni, mama wa kabila la Wafulani na baba Mswisi. Kameruni wakati huo ilikuwa imeshamtoka Mjerumani baada ya vita ya kwanza, sehemu kubwa ikachukuliwa na Mfaransa, yaani yaleyale ya Tanganyika ila sisi tukaangukia kwa Mwingereza. Akiwa bado mtoto mdogo baba akaondoka naye, akakulia Neuchâtel, mji wa mawe ya njano kando ya ziwa, watu wanaongea Kifaransa. Akasoma, akawa mwalimu wa shule ya biashara, akafundisha miaka na miaka.

Sasa hapa ndo simulizi nyingi za mtandaoni zinaponiudhi kidogo. Zinaruka kutoka Maroua moja kwa moja mpaka bungeni Bern, kama vile aliokotwa na bahati. Hapana. Huyu alipanda ngazi, na ngazi yenyewe huielewi mpaka uelewe Uswisi inavyofanya mambo yake.

Kule ukitaka kubadilisha katiba lazima upige kura ya wananchi, hukwepi. Na wananchi wenye kura walikuwa wanaume peke yao. Kwa hiyo swali la kama mwanamke apige kura liliamuliwa na wanaume, bila mke, bila dada, bila mama mzazi kuulizwa. Tarehe 1 Februari 1959 wakaulizwa kwa mara ya kwanza nchi nzima, theluthi mbili wakasema hapana. Lakini Uswisi ni nchi ya kantoni, yaani majimbo, kila kantoni ina katiba yake na bunge lake, na siku hiyohiyo kantoni tatu za Kifaransa zilisema ndiyo, Vaud, Geneva na Neuchâtel. Vaud ikawapa wanawake wake kura za kantoni siku ileile, na Neuchâtel ikafuata Septemba mwaka huohuo.

Kwa hiyo piga picha mwalimu Frey, karibu anatimiza miaka 36, anaweza kupiga kura ya mambo ya kantoni yake lakini ya nchi hawezi. Mambo ya shule anachagua, mambo ya jeshi na kodi ya taifa yanamhusu mume wa jirani. Hali hiyo ilidumu miaka 12! Na kantoni ya mwisho kabisa, Appenzell Innerrhoden, ilibidi ilazimishwe na mahakama kuu ya nchi mwaka 1990, maana wanaume walikuwa bado wanakutana uwanjani wananyoosha mikono kukataa.

Ila ule upenyo wa kantoni ndo ulimbeba. 1964 akaingia baraza la madiwani la mji, kwa tiketi ya chama cha Radikali. 1969 akaingia bunge la kantoni. Halafu tarehe 7 Februari 1971 wanaume wa Uswisi wakaulizwa tena, safari hii asilimia 65.7 wakasema ndiyo, na uchaguzi mkuu ukawa Oktoba mwaka huohuo. Wanawake wengi nchini walikuwa wanaanza sifuri, yeye tayari ana miaka saba ya vikao, anajua bajeti inavyojadiliwa, jina lake linajulikana. Ngazi ya tatu tu ilikuwa imebaki.

Utaniuliza, alipewa kiti maalumu? Hakuna kitu hicho Uswisi, si zamani wala leo. Uchaguzi wa Baraza la Taifa, lile la viti 200, uko hivi: kila chama kinatoa orodha ya wagombea wa kantoni nzima na mpiga kura anapewa hizo karatasi zote nyumbani. Anakaa mezani na kalamu. Jina asilolitaka analikata, analolipenda anaweza kuliandika mara mbili, na akitaka anachomoa mtu wa chama kingine anampachika kwenye orodha yake. Niliwahi kumwangalia mama mwenye nyumba wangu akifanya hivyo jikoni, miwani puani, anakata majina kama anachambua mchele, kila mstari anasema kitu, huyu mvivu, huyu namjua baba yake. Ndo maana mwalimu aliyefundisha miaka mingi mjini ana mtaji ambao bango halinunui. Na ndo maana pia kalamu hiyohiyo inaweza kukukata bila kukueleza kosa lako.

Walichaguliwa wanawake kumi, wa kumi na moja akaingia kuziba nafasi ya mbunge aliyehamia Baraza la Majimbo, lile baraza la pili la bunge. Tarehe 29 Novemba 1971 wakaapishwa, kila mmoja kawekewa waridi mezani. Katika picha za siku ile macho yanamwendea yeye kwanza, kavaa gauni jeupe katikati ya ukumbi uliojaa suti nyeusi. Nimeiangalia hiyo picha mara nyingi sana na mpaka leo sina hakika kama lile gauni lilikuwa ujumbe au ni mtu tu kavaa nguo yake nzuri kwenda kwenye siku yake. Wanaoandika siku hizi wana uhakika ni ujumbe, mimi nawaachia.

Kitu kingine kinachowachanganya wasomaji wa kwetu ni chama. Watu wanatarajia mwanamke mweusi bungeni Ulaya awe wa mrengo wa kushoto. Radikali, pamoja na jina lake, kilikuwa chama cha wafanyabiashara na wenye nacho, ndo kilichoijenga dola ya Uswisi ya 1848. Kati ya wale kumi na moja alikuwepo Nelly Wicky wa Geneva, mkomunisti, huyo ndo wa kushoto haswa. Frey alikuwa upande wa pili wa ukumbi, ila aliyoyapigania yangewashangaza wenzake kidogo: mishahara sawa kwa kazi sawa, kuondoa utoaji mimba kwenye makosa ya jinai, na Uswisi kushirikiana zaidi na nchi zinazoendelea.

Na usidhani aliacha kazi. Bunge lile si la kuajiriwa, wabunge wanakutana mara nne kwa mwaka, kama wiki tatu kila kikao, wakimaliza wanarudi kwenye shamba, ofisi, darasa. Yeye 1972, akiwa mbunge tayari, akawa mkuu wa shule ya ufundi ya wasichana pale Neuchâtel. Ukipima kwa mizani ya kwetu, mbunge anarudi kusahihisha ratiba ya shule, utasema ameshuka cheo. Kule ndo kawaida.

Muhula ukawa mmoja tu. 1975 hakurudi, mwaka ambao idadi ya wanawake kwenye Baraza la Taifa ilipanda kufika 15. Wao wakaongezeka, yeye akatoka. Akaondoka jukwaani kimya, akaishi mjini kwake miaka mingine zaidi ya thelathini. Mambo yake yakaja kupita yeye akiwa nje: 1981 usawa wa mwanamke na mwanamume ukaingia kwenye katiba pamoja na haki ya mshahara sawa, 2002 wananchi kwa zaidi ya asilimia 72 wakaruhusu utoaji mimba wiki 12 za mwanzo. Zote mbili alikuwa hai, na zote mbili alikuwa na kura. Alifariki Juni 2008, umri miaka 84, miezi michache tu baada ya magazeti yale kuandika kwamba Lumengo ndo wa kwanza.

Sasa turudi kwa Agassiz. Kumbe si meya. Louis Agassiz alikuwa mtaalamu wa barafu za milimani na samaki wa kale, alifundisha Neuchâtel tangu 1832, akahamia Marekani 1846 akawa mtu mkubwa Harvard, na huko akawa anahubiri kwamba watu weusi ni aina nyingine kabisa ya binadamu, ya chini. 1850 aliagiza watumwa wa South Carolina wapigwe picha wakiwa uchi ili atafute ushahidi wa nadharia yake. Kitivo cha lugha na sayansi za jamii, nilikosomea mimi, kilikuwa kwenye anwani yenye jina la huyo. 2018 mji ukatangaza kulitoa na 2019 kibao kikabadilishwa kikawa Espace Tilo-Frey. Kule kwenye Alps kuna mlima unaitwa Agassizhorn, wanaharakati walishaomba ubadilishwe jina, manispaa zenye mlima zikakataa.

Mimi nilimaliza kabla ya kibao kipya. Barua iliyokuja na cheti changu ina jina la Agassiz juu kabisa, kwenye anwani, na kwenye orodha ya yaliyomo kwenye tasnifu, sura ya tatu, ukurasa wa 61, limeandikwa la Tilo Frey.