Mitupo 27 Iliyokosa: Takwimu Zinavyousoma Ubingwa wa Kikapu

Tarehe 28 Mei 2018, ikiwa nyumbani mbele ya mashabiki wake, Houston Rockets ilikwenda mapumziko ikiiongoza Golden State Warriors kwa pointi 11. Ulikuwa mchezo wa saba, wa mwisho, wa fainali ya Kanda ya Magharibi ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na mshindi alikuwa anaingia fainali kuu. Lakini mitupo yake ya pointi tatu ilikuwa imeanza kugoma. Mmoja uligonga chuma, wa kumi nao, wa ishirini nao, hadi ikafika 27 mfululizo bila hata mmoja kuingia. Mchezo ukaisha 101 kwa 92, na safari ya Houston ikaishia hapo.

Nafundisha takwimu, na mchezo huu hauishi kuulizwa darasani: je, Houston walikosea kuegemea mitupo ya mbali? Hapana. Msimu ule walishinda michezo 65 kati ya 82, kuliko timu nyingine yoyote. Fanya hesabu mwenyewe. Ukitupa mara 100 kutoka karibu na kuingiza nusu, unapata pointi 100. Ukitupa mara 100 kutoka mbali na kuingiza 36 tu, kiwango walichokuwa nacho Houston msimu huo, unapata 108. Anayekosa mara nyingi zaidi ndiye anayevuna zaidi.

Kwa kiwango hicho, kila mtupo una asilimia 64 ya kukosa. Zidisha 0.64 kwa yenyewe mara 27, utakuta ni tukio la chini ya mara moja katika 150,000. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mtupo unajitegemea, na uwanjani mambo hayaendi hivyo. Miguu ilikuwa imechoka, Chris Paul, nyota wao, alikuwa nje kwa maumivu ya msuli wa paja, na Warriors walikuwa wanakaba vizuri. Hata hivyo, sehemu kubwa ya usiku ule naihesabu kuwa ni bahati mbaya, na sioni haya kulitumia neno hilo kama mtakwimu.

Kwa hiyo ubora wa timu tuupime kwa nini? Si kwa wastani wa pointi kwa mchezo, maana timu inayokimbia sana hufunga nyingi na hufungwa nyingi vilevile. Pima pointi kwa kila mashambulizi 100 (shambulizi ni tangu timu inapopata mpira hadi unapokwenda kwa mpinzani), zako na za mpinzani, kisha tazama tofauti. Mtakwimu Dean Oliver aliichambua tofauti hiyo katika mambo manne: ubora wa mitupo, kutopoteza mpira, ribaundi za kushambulia (kuudaka tena mpira mlioukosa wenyewe, shambulizi likaendelea) na kupata mitupo huru, ile ya adhabu baada ya faulo. Kwa makadirio yake, uzito wake ni asilimia 40, 25, 20 na 15. Mengine yote yenye kelele, hata dunk, mpira unaosukumizwa kikapuni kwa mkono, inayoinua uwanja mzima, yanapitia humo humo.

Bado ubora peke yake haukupi kombe. Tuseme timu yako ina asilimia 60 ya kushinda mchezo wowote dhidi ya yeyote. Katika mfululizo wa michezo saba, ambapo anayetangulia kushinda minne ndiye anayesonga, nafasi yake hupanda hadi asilimia 71. Lakini bingwa wa NBA lazima ashinde mifululizo minne. Zidisha 0.71 mara nne, inabaki asilimia 25 tu. Timu iliyo bora kuliko kila inayokutana nayo hutoka mikono mitupu mara tatu katika misimu minne! Warriors wa 2016 walishinda michezo 73 kati ya 82, wakaongoza fainali 3 kwa 1, na kombe likaenda Cleveland.

Mfululizo ukiwa mfupi, bahati inapata nafasi kubwa zaidi. Fainali ya BAL, ligi ya klabu za Afrika, ni mchezo mmoja, kama ule wa BK Arena mjini Kigali mwaka 2024 ambapo Petro de Luanda iliifunga Al Ahly ya Libya 107 kwa 94. Hapo ile asilimia 60 inabaki 60, haipandi.

Kocha wa timu ya mtaa hahitaji kompyuta kwa haya. Mpe kijana wa benchi daftari, aandike mitupo yote ya kawaida (ya karibu na ya mbali, iliyoingia na iliyokosa), mipira iliyopotea, mitupo huru na ribaundi za kushambulia. Tuseme amepata 62, 14, 18 na 9. Jumlisha 62 na 14, ongeza 18 mara 0.44 (kwa kuwa mitupo huru mara nyingi huja miwili kwa shambulizi moja), toa 9: ni kama mashambulizi 75. Mlifunga 68? Hizo ni takriban pointi 91 kwa mashambulizi 100. Sasa geuza ukurasa, umhesabie mpinzani.