Mpira ukigusa chini nje ya mstari, si lazima uwe umetoka

Kwenye vibanda umiza vya Ngamiani, Tanga, kuna ubishi usiokwisha. Wengi tumekua tukiamini kwamba mpira ukigusa chini nje ya chaki, basi umetoka. Na kwa macho kweli ndivyo unavyoonekana.

Sheria ya soka inataka mpira mzima uvuke mstari mzima, uwe chini au hewani. Neno "mzima" ndilo lenye uzito. Mpira rasmi una mzingo wa sentimita 68 hadi 70, yaani upana wa kama sentimita 22. Unagusa ardhi katikati tu, tumbo lake likijitokeza karibu sentimita 11 kila upande. Kwa hiyo unaweza kutua kwenye nyasi sentimita 5 nje ya chaki na bado ukawa mchezoni, maana ubavu wake uko juu ya mstari. Ndivyo ilivyoamuliwa kuhusu mpira uliozaa goli la pili la Japani dhidi ya Hispania, Kombe la Dunia la 2022.

Jaribu mwenyewe pale Raskazone maji yakiwa yamekupwa. Chora mstari mchangani, weka mpira nje yake kidogo, inama utazame kutoka juu kabisa: umeufunika ukingo wa mstari. Sasa rudi hatua tatu upande wa uwanja, chuchumaa, piga picha kwa simu. Utaona pengo la mchanga. Picha nyingi zinazotugombanisha hupigwa hivyo, na mshika kibendera anastahili tusubiri ile ya usawa wa mstari.